Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: kabla ya ligi ya kulipwa, tupatie saa

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, Zanzibar,

Assalaamu alaykum.

Mimi ni mwandishi wa meza. Si mwandishi wa habari. Ni yule anayekaa pembeni ya kiwanja cha kikapu na kalamu mbili, akiandika nani kafunga, nani kafanya faulo na robo imekwisha ngapi kwa ngapi. Kazi hii naifanya Chake Chake, miaka sasa, bila ya malipo, na sikuandikii kuyadai.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ambalo halikosekani kila fainali inapokaribia: ligi ya kulipwa. Vijana wanalipenda, nami nalipenda. Lakini Mheshimiwa, kiwanjani kwetu zile sekunde 24 nazihesabu mimi, kwa simu yangu, na simu yenyewe kioo kimepasuka.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: timu ikiupata mpira ina sekunde 24 za kurusha. Zikipita, mpira wa wenzao. Saa yake inatakiwa ionekane juu ya kila ubao, mchezaji aione, refa aione, hata bibi anayeuza ubuyu mlangoni aione. Kwetu anaiona mtu mmoja. Kuna fainali niliyoiandika, pengo la pointi moja, nikapiga kelele "muda!" na mpira ukiwa hewani. Ukaingia. Nusu ya watu wakasema nimechelewa, nusu wakasema nimewahi, na timu moja ikatoka kiwanjani. Kombe lilitolewa, picha zikapigwa. Mpaka leo nikipita sokoni naulizwa bingwa wa mwaka ule ni nani hasa, na mimi niliyeiandika karatasi sina jibu la kumtosheleza mtu.

Ligi kubwa ya Marekani, NBA, nayo iliwahi kukaa bila ya saa. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mechi nzima hiyo, si robo. Aliyetangulia kwa pointi alikuwa anaweza kuuficha mpira, na watazamaji waliotoa pesa zao wakabaki kutazama pasi. Dawa aliileta Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, na hesabu yake hata mtoto wa skuli ataifanya: mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880, mechi tamu huwa na mirusho kama 120 kwa timu zote mbili, gawanya, unapata 24. Saa ikaanza msimu wa 1954/55, na wastani wa pointi za kila timu ukapanda kutoka 79 na nusu hadi 93. Bingwa wa msimu ule? Syracuse haohao, mchezo wa saba, 92 kwa 91. (Ningetoa chochote niiandike karatasi ya mechi ile.)

Ndiyo maana nikisikia "kulipwa" sifikirii mshahara kwanza. Mtu hutoa pesa yake, awe mtazamaji au mdhamini, akijua mechi ni lini, itaanza saa ngapi, na atakayeshinda ni mshindi bila ya ubishi. Sisi tunachokiweza mno ni bonanza: siku moja, jezi mpya, mgeni rasmi, soda, kwaheri.

Halafu kuna suala la bingwa kwenda wapi. Kwenye mpira wa miguu, bingwa wa Zanzibar anapanda ndege kucheza Ligi ya Mabingwa ya CAF. Kikapu hakina mlango huo. Michezo si jambo la Muungano, lakini FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inatutambua ndani ya Tanzania, kwa hivyo mvulana wa Wete anayetaka kufika ligi ya Afrika, BAL, lazima apite kwa bingwa wa taifa zima. Ligi hiyo ilianza Kigali mwaka 2021, na misimu mitano ya mwanzo imetoa mabingwa watano tofauti: Zamalek, US Monastir, Al Ahly, Petro de Luanda na Al Ahli Tripoli. Hakuna hata mmoja wa Afrika Mashariki, ingawa fainali nne za mwanzo zilichezwa hapo Rwanda kwa jirani. Usiniambie hatuna vimo. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa vijana wote waliokuwa wanaingia NBA.

Ninaloliomba ni dogo. Saa mbili za ubao kwa kiwanja kimoja Unguja na mbili kwa kimoja Pemba, pamoja na fundi anayejua kuzitengeneza, maana chumvi ya bahari haina huruma na chombo cha umeme. Ratiba ichapishwe kabla ya msimu, iujue mwezi wa Ramadhani na iijue masika. Na fainali isiwe mechi moja Unguja. Iwe mfululizo, nyumbani na ugenini. Timu ya Pemba huvuka mkondo wa Nungwi usiku, nusu yao wakitapika, kisha jioni wanaambiwa wacheze. Wakifungwa tunasema wa Pemba hawana pumzi! Naomba na Unguja nao wauonje mkondo huo, walau mara moja kwa msimu.

Ukikaa na wenzako wa Bara, waulize na hili: bingwa wetu aingie wapi, kwa utaratibu gani, na nauli ya nani. Liandikwe, likae kwenye karatasi.

Nami za kwangu ninazo. Karatasi za mechi zote nilizoandika zimo ndani ya mkoba wa plastiki juu ya kabati, pamoja na ile ya fainali ya ubishi. Ukimtuma mtu nitampa azinakili, ila azirudishe.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa meza, Chake Chake, Pemba