Risala ya kikundi cha vijana waongoza wageni wa Rungwe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wa mila, viongozi wa dini, walimu, wazazi na vijana wenzetu: mugonile!

Tunakukaribisha Tukuyu, na tunakushukuru kwa kufika ingawa mvua haijakatika tangu juzi. Tulianza kikundi hiki tukiwa saba. Leo tuko ishirini na wawili, tisa kati yetu dada zetu, na utatukabidhi vyeti vya mafunzo ya miezi mitatu. Hayo ya kwetu yanatosha. Nafasi hii tumeiomba ili tuseme kwa nini mtu afunge safari aje Nyanda za Juu Kusini, maana swali hilo tunaulizwa kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ni mwenyeji wa hapa hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na kipunji. Wawindaji wa kando ya Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja tangu zamani: kima wa msitu wa juu, mwenye manyoya marefu, mwepesi wa kujificha. Waliosikia kutoka nje hawakuwa na hakika kama ni mnyama kweli au ni hadithi tu. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwa macho, mwaka 2005 akatangazwa kuwa ni aina mpya kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi la kisayansi lisilo na kima mwingine. Leo vitabu vinamwita Rungwecebus kipunji: jina la mlima wetu na neno la wazee wetu, pamoja. Huku kwetu msitu na maneno ya watu havitenganishwi, na hiyo ndiyo sababu tunayoitanguliza mbele ya zote.

Kutoka barabara kuu ya Mbeya unachepuka pale Isongole kwenda Ziwa Ngosi. Njia inaingia msituni, udongo unateleza, na mizizi imekaa kama ngazi. Kwa muda mrefu huoni kitu ila majani na mianzi, na mgeni anaanza kuuliza kama kweli kuna ziwa. Halafu ghafla ardhi inaisha. Chini kabisa, ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, yenye kuta za msitu, maji ya kijani yametulia. Mwaka jana tuliwapandisha wanafunzi wa shule ya jirani. Binti mmoja wa darasa la sita alisimama pale ukingoni, akakaa kimya, kisha akauliza: "Hili ziwa lilikuwa hapa siku zote?" Kwao si mbali, moshi wa vijiji vya upande wao tuliuona tukiwa njiani.

Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililojengwa na maumbile, na Kijungu, shimo la mwamba ambamo maji huzunguka kwa nguvu, yote kwenye Mto Kiwira, wengi mnavijua kwa jina, kwa hiyo hatutakaa hapo. Tungependa zaidi kuisemea Kitulo.

Ukitoka Chimala unapanda kona ambazo madereva wanaziita Hamsini na Saba, kwa idadi yake, hadi uwanda wa juu wenye baridi ya kung'ata. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu hata kabla haujawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Maua huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, yaani majira ya mvua, wakati sehemu nyingine za nchi zinalalamika kuwa wageni wamepungua. Zipo aina zaidi ya arobaini za okidi za ardhini. Ila okidi hizo zina adui. Viazi vyake huchimbwa nyanda zetu hizi na kuvushwa hadi Zambia, vikapondwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ua lililong'olewa na kiazi chake halichipui tena. Tunasema hivi bila kumlaumu mama anayechimba ili anunue daftari la mtoto. Tunaomba apate njia nyingine ya kulinunua, na mgeni anayelala kijijini kwake ni mojawapo.

Kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, njia hiyo tumeiona. Mama wa Kikisi anaketi chini, chungu kiko mbele yake, anakizungusha kwa mkono taratibu huku akikwangua ukuta hadi uwe mwembamba, kisha anakisugua kwa kokoto mpaka king'ae. Vikishachomwa, vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda sokoni. Mgeni akikaa naye saa moja, huondoka na chungu na jina la aliyekifinyanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo yanayotukwamisha. Mwezi uliopita dereva wa kampuni moja ya utalii aliwapitisha wageni wake Isongole bila kujua, kwa kuwa kibao kilianguka na hakijarudishwa. Hatuna sanduku la huduma ya kwanza, na makoti ya mvua tuliyonayo ni sita. Tunaomba utusaidie kupata vifaa hivyo, na utusemee kibao kirudishwe. Kubwa kuliko yote, tunaomba uongee na walimu wakuu, ili mtoto wa wilaya hii asimalize darasa la saba kabla hajafika Ngosi. Sisi tutawaongoza bila malipo. Kinachotakiwa ni usafiri tu.

Tumekuandalia buti, na fimbo ya mwanzi tuliyoikata shambani kwetu, si msituni. Kama ratiba yako inaruhusu, kesho saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa Isongole tukikusubiri.

Ndaga fijo. Tunaomba kuwasilisha.