Kibali cha ghorofa si kibali cha kuzika korongo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu makorongo ya Dar es Salaam, hasa huku kwetu upande wa Goba, ambako viwanja vya tambarare vimekwisha na wenye miradi sasa wananunua mabondeni.

Kuna eneo mtaani kwetu zinajengwa nyumba za kupangisha. Katikati yake limepita korongo ambalo kiangazi unalivuka bila kuvua viatu, lakini ikifika Aprili linabeba hadi matairi ya lori. Wajenzi wamelaza mistari miwili ya mabomba ya zege yenye kipenyo cha milimita 600, yaani kalavati la kupitishia maji chini ya ardhi, wakamwaga kifusi tipa baada ya tipa, wakashindilia, na juu yake sasa yamechorwa maegesho ya magari. Nilipomuuliza msimamizi kama watu wa bodi ya maji ya bonde wamepita, alinionesha kibali cha ujenzi. Ni kibali kweli, na mhuri upo. Ila kinahusu majengo. Kuhusu maji hakisemi lolote.

"Huu si mto mzee wangu, ni mtaro wa mvua tu," akaniambia.

Kauli hiyo nimeisikia sana katika kazi yangu ya ufundi sanifu, na kila inaposemwa kuna mtu wa chini ya bonde atakayeilipia. Maji ya mto Msimbazi, Tegeta na Mbezi yanatoka kwenye makorongo kama haya. Desemba 2011, mvua ilipolishukia jiji letu kwa kiasi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hakijaonekana tangu 1954, zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na manusura wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ile haikuuliza wapi ni mto na wapi ni mtaro.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayechepusha au kuzuia maji aombe kibali kwa bodi ya maji ya bonde, ambayo kwetu ni ya Wami/Ruvu. Juu yake kuna tathmini ya athari kwa mazingira, ile tunayoiita TAM. Karatasi hizi kila moja ina mlango wake, na mwenye mradi akishapata ile ya majengo, mtaani ni nadra mtu kumuuliza nyingine ziko wapi. Mwenyekiti wa mtaa akioneshwa mhuri mmoja anaridhika. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha kutofautisha mihuri.

Wapo watakaosema kalavati haliwezi kukaa mita 60 kutoka mtoni, kwa kuwa kazi yake ni kuvusha. Ni kweli, na kwa kivuko cha upana wa gari moja sina ugomvi na mtu. Barabara lazima zipite. Ninachokilalamikia ni kalavati linaloanzia ukuta wa mbele wa kiwanja na kuishia ukuta wa nyuma. Hapo hakuna anayevuka. Mtu ameongeza ukubwa wa kiwanja chake kwa kulizika korongo, na ofisi yoyote inayotoa kibali inapaswa kuanza na swali hilo: unavuka, au unazika? Anayezika apelekwe kwenye tathmini kamili, hata kama nyumba zake ni sita tu.

Sasa niseme la mabomba, kwa kuwa ndipo watu wanapodanganyika. Bomba lenye kipenyo mara mbili halipitishi maji mara mbili. Mteremko ukiwa uleule, bomba la milimita 1,200 likijaa hupitisha zaidi ya mara sita ya lile la 600. Kwa hiyo anayelaza mawili ya 600 pale palipohitaji moja la 1,200 hajafika hata theluthi moja ya kazi. Na hapo nimehesabu maji matupu. Makorongo yetu hayabebi maji matupu: kuna chupa za plastiki, matawi ya mwembe, magunia, siku nyingine godoro zima. Godoro moja kwenye mdomo wa bomba la 600 linatosha kuligeuza tuta lote kuwa bwawa, na nyumba za juu ndizo zinazojaa kwanza. Wenzetu wa Kenya waliona mwisho wake Aprili 29, 2024 kule Old Kijabe, karibu na Mai Mahiu: njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua usiku na kuua makumi ya watu waliolala chini ya bonde. Tuta la mtaani kwetu ni dogo kuliko lile. Waliolala chini yake ni majirani zangu.

Upande wa kutokea nao una madhara yake. Maji yaliyobanwa hutoka kwa kasi, na udongo wetu ni mchanga. Pasipojengwa kingo za mawe na sakafu ya kupunguza kasi, yanachimba shimo, kisha yanaanza kula kingo za jirani anayefuata. Pale nilipotembelea sijaona jiwe hata moja.

Na hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote: nani atazibua? Mwenye mradi atauza nyumba zake na kwenda zake. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, haina wajibu wa kusafisha bomba lililo ndani ya uzio wa mtu. Wapangaji hata hawatajua kwamba chini ya magari yao kuna korongo. Kibali kisichotaja jina la atakayezibua kila mwaka kabla ya masika, na gharama italipwa na nani, nakiona nusu kibali.

Kwa hiyo naomba mambo machache ambayo hayahitaji sheria mpya. Bango la mradi lioneshe namba ya kibali cha bonde na kipenyo cha kalavati, kama linavyoonesha jina la mkandarasi. Kanuni za TAM zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili kwa watu wa kawaida. Basi ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla kifusi hakijaanza kumwagwa, siyo ukae kabatini. Na kwa hili la mtaani kwetu, afisa wa bonde aje kabla ya Machi na futi kamba, apime upana wa korongo pale lilipobaki wazi, apime na mabomba, kisha atoe majibu hadharani kwenye mkutano wa mtaa. Akikuta hayatoshi, maegesho yafukuliwe yakiwa bado hayajamwagiwa zege.

Mkazi wa Goba,
Dar es Salaam