Vipande viwili vya ini

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Hamjambo nyumbani? Sisi wazima, ila mvua haikatiki na nguo zinanuka uvundo.

Uliniuliza: saratani ya ini ni saratani tu, ya nini kuigawa tena majina? Swali lako limenikaa wiki nzima, maana Jumanne maabara nilikata vinyama viwili vya ini vyenye saratani, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na havikufanana hata kidogo. (Cha tatu kilitoka zahanati fulani kwenye kichupa chenye matone tu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhi vinyama. Kimekauka kama kuni. Nililaani.)

Cha kwanza ni cha mzee mmoja mkulima. Nilikipaka rangi ya fedha, ile inayofanya nyuzi za retikulini kuwa nyeusi. Kwenye ini lenye afya, nyuzi hizo hushika safu zenye unene wa seli moja au mbili. Hapa wavu umechanika, seli zimerundikana safu nene nene. Aina hii, makrotrabekula, ni kali, na mara nyingi jeni ya TP53, ile inayozuia seli kuzaana ovyo, huwa imeharibika. Ndiyo jeni ambayo sumukuvu ya mahindi yenye ukungu mara nyingi huipiga palepale, kodoni ya 249 (kituo kimoja ndani ya jeni), na homa ya ini B ikiwepo balaa linazidi.

Cha pili, kijana. Seli kubwa za waridi, katikati yake mikanda ya nyuzi imelala sambamba kama mistari ya kikoi. Fibrolamela, ndilo jina la aina hii! Ini lililobaki laini, halina kovu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jeni mbili, DNAJB1 na PRKACA, huwa zimeungana ndani yake. Kipimo cha kuuona muungano huo hatuna, tunategemea jicho. Na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo saratani ya ini mara nyingi huimwaga kwenye damu, wanachokitegemea wengi, kwa hawa mara nyingi hakipandi, kwa hiyo kijana anaweza kuambiwa hana kitu huku uvimbe unakua. Akiwahi, daktari wa upasuaji anaukata. Yule mzee mkulima, ini lake lote limejaa makovu. Kumkata ni kumbahatisha.

Sikudanganyi, uvimbe mwingi hauna sura ya pekee hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walitaja aina nane zenye sura yake, na zote pamoja ni kama thuluthi tu ya wagonjwa.

Halafu yale mahindi uliyonitumia. Nimeyachambua punje kwa punje, nusu ndoo yenye ukungu nimeifukia, hata kuku sikuwapa. Usininunie.

Wako,
Mama Baraka