Mwanangu, ukienda kwa Nizamuddin

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, hiyo ya kwamba wenzako wa hosteli wanaenda dargah ya Nizamuddin, kaburi la yule sheikh wa Kisufi hapo Delhi, Alhamisi jioni na wewe umebaki njia panda, moyo unataka ila rafiki yako wa chumbani kakwambia mambo ya makaburi ni shirki na ukikanyaga tu umeshaharibu. Nilianza kukujibu kwa voisi nikaona itakua ndefu, na we voisi zangu ndefu huzimalizi nakujua, kwaiyo naandika.

Nenda. Hilo ndo jibu, mengine yote huku chini ni maelezo.

Kuhusu shirki nitasema kidogo tu mana hilo somo we umelisoma kuliko mimi. Mtume mwenyewe, rehma na amani zimshukie, alisema nilikua nimewakataza kuzuru makaburi, sasa yazuruni, hadithi iko kwa Muslim, na yeye alikua akitoka usiku kwenda Baqii, makaburi ya Madina, kuwaombea waliolala pale. Kwaiyo kuzuru sio tatizo, tatizo ni ukishafika unamuomba nani. Unamtolea salamu aliyelala, unamsomea Fatiha, Yasini ukiweza, alafu mikono yako unamnyanyulia Mwenyezi Mungu peke yake, basi. Pale utaona watu wanainama mpaka paji la uso linagusa kizingiti, wengine wanafunga nyuzi nyekundu kwenye matundu ya ukuta wa marumaru, mi hayo sifanyi na wewe sijakulea uyafanye. Ila usije ukasimama pale ukamkunjia uso mama wa watu anaelia kashika ukuta, hujui mwanawe yuko wapi. Umeenda kwa watu, kaa kigeni. Na hili la ugeni nina kisa chake, tena ni cha huyohuyo unaemuendea.

Alizaliwa Badaun, hukohuko India, mwaka 1238, baba yake akafa yeye bado mdogo, akabaki na mama, Bibi Zulekha, na ndani hamna kitu. Basi inasimuliwa siku ambayo hakuna hata punje ya kupika yule mama alikua hasemi tuna njaa, anasema leo sisi ni wageni wa Mungu. Yule mtoto akaipenda ile kauli. Ikatokea mtu kawaletea nafaka, wakala siku nyingi mfululizo mkate upo, mtoto akaanza kuchoka, akawa anajiuliza mama atasema lini tena kwamba sisi ni wageni wa Mungu. We uliwahi kuambiwa hakuna chakula ukafurahi? Mi kila nikikifikiria kisa hiki namuwaza yule mama kuliko yule mtoto, mana ukubwa wa sheikh watu wote wanauhadithia ila maneno ya kumfanya mtoto mwenye njaa aitamani siku ya njaa, hayo aliyatunga mwanamke mjane jikoni kwake na mwenyewe tumbo tupu.

Alivyokua kijana akaenda kwa sheikh Baba Farid, mji wa Ajodhan, siku hizi panaitwa Pakpattan, iko Pakistan, akawa mwanafunzi wake na baadae khalifa wake kwenye tarika ya Chishtiyya, njia moja ya Masufi. Akarudi akakaa Ghiyaspur, wakati huo ni kijiji nje ya Delhi, sahivi jiji limekimeza, na pale kwake jiko lilikua linapika kwa yeyote, Muislamu asiwe Muislamu, anakula. Mwenyewe anafunga karibu kila siku, na wakimletea daku wanasema chakula kinamkwama kooni, anauliza mimi nitamezaje na kuna masikini wamelala na njaa misikitini na kwenye vibaraza vya maduka. Aliyosema kwenye vikao vyake mwanafunzi wake Amir Hasan aliyaandika, kuanzia 1308 mpaka 1322, kitabu kipo mpaka leo kinaitwa Fawaid al-Fuad, tafuta maktaba ya chuo chenu, sidhani watakosa.

Alafu masultani. Huyu mzee aliishi zama za masultani wengi na hakuwa mtu wa kujipendekeza kwao. Alivyoambiwa sultani anataka kuja kumuona, inasimuliwa alijibu nyumba yangu ina milango miwili, akiingia kwa huu mimi natoka kwa ule. Na kuna kisa cha Ghiyasuddin Tughlaq, huyu alikua anajenga ngome yake akataka mafundi wote wa mji wawe kwake, wakati huohuo sheikh anachimba kisima cha ngazi, mafundi wakawa mchana kwa sultani usiku kwa sheikh. Sultani akazuia mafuta ya taa yasiuzwe, basi watu wanasema taa zikawashwa kwa maji ya kile kisima na zikawaka, na mwanafunzi wake mwingine, Nasiruddin, ndo akabaki na jina la Chiragh-e-Dehli, taa ya Delhi. Tughlaq akiwa njiani anarudi kutoka Bengali akatuma salamu sheikh ahame kabla hajafika, sheikh akasema Delhi bado iko mbali. Kweli hakufika, banda walilomjengea la kumpokea lilimwangukia nje kidogo ya mji, mwaka 1325. Ibn Battuta, yule msafiri, huyuhuyu aliyepita Kilwa 1331, alivyofika Delhi baadae akaandika kwamba lile banda lilijengwa makusudi lianguke tembo wakipita upande mmoja, yani mkono wa mtoto wake mwenyewe. Chagua we mwenyewe uamini karama au uamini siasa, mi naona vyote vinaingia pale bila kugombana. Ila kisima kipo, uende ukakione, na maji yamo.

Sheikh nae akafariki mwaka huohuo 1325. Na hapa ndo penye kunichekesha. Mtu aliyewakimbia wafalme maisha yake yote, alivyokufa wafalme wakaanza kugombania kuzikwa karibu yake. Yumo Muhammad Shah, mfalme wa Mughal, hatua chache tu kutoka kwake, kaburi la Humayun, mfalme mwingine wa Mughal, lile kubwa la watalii liko jirani hapo, mpaka mshairi Ghalib kazikwa mtaa uleule. Milango miwili haikumsaidia kitu.

Wa kwako wa kumtafuta ni Jahanara, binti wa Shah Jahan yule aliyejenga Taj Mahal. Alikufa 1681, binti mfalme, tajiri hasa, na kaburi lake halina paa, limezungushiwa ukuta wa marumaru wenye matundu, na juu yake pameachwa wazi paote majani, kwenye jiwe kaandikisha kwamba kaburi langu lisifunikwe na kitu ila majani, yanatosha kumfunika masikini. Watu wengi wanapita pale wanakimbilia kaburi kubwa hata hawaangalii pembeni. We simama.

Sasa utaratibu. Bajaji itakushusha barabarani, mbele hapo unaingia vichochoro kwa miguu, vyembamba, maduka ya waridi na mashuka ya kaburi na kofia na mishkaki huku na huku, na kila muuza maua atakwambia viatu mwisho hapa, hapa hapa, acha kwangu. Sio mwisho. Endelea mpaka unakaribia geti kabisa ndo uvue, na yule anaekutunzia mpe noti ya rupia kumi au ishirini wakati wa kutoka. Kichwa funika, kofia yako ile au leso tu inatosha. Simu mfuko wa mbele mana Alhamisi pale ni bega kwa bega. Maua sio lazima, ukitaka nunua sahani ndogo, shuka usinunue utaambiwa bei ya kuchekesha.

Ukiingia usiende moja kwa moja kwa sheikh. Adabu ya pale unaanza kwa Amir Khusrau, mshairi, mwanafunzi wake kipenzi, ndo unaenda kwa mwalimu. Khusrau alikua safarini Bengali sheikh alivyofariki, alivyorudi akakuta kaburi, akachana nguo zake na hakumaliza mwaka, miezi sita tu nae akafa, akazikwa hapohapo uani. Na kuna ile ya rangi ya njano, sheikh alifiwa na mpwa wake kijana akawa hacheki wala haongei, Khusrau akawaona wanawake wa Kihindu wanaelekea kwenye sherehe ya Basant wamevaa njano wamebeba maua ya haradali, nae akavaa njano akaja mbele ya sheikh anaimba mpaka mzee akatabasamu. Mpaka leo kila mwaka ikifika Basant, kwenye mwezi wa kwanza au wa pili hivi, dargah nzima wanavaa njano. Ukiwa bado upo uko nenda na siku hiyo, mi sikujaaliwa kuiona.

Kuna watu watakufuata, hawa ni makhadimu, wenyeji wa pale kwa ukoo. Wengi ni watu wazuri wanakusomea dua na kukuonyesha njia. Ila kuna watakaokushika mkono wakuulize umetoka nchi gani, wewe sura yako tu inajieleza, alafu linafunguliwa daftari lina majina ya wageni na mbele yake elfu mbili, elfu tano, kila mtu eti katoa. Mimi nilifunguliwa hilo daftari nikalisoma lote kwa utulivu kama nasoma menyu, nikatoa nilichokusudia tangu nyumbani, nikasema Allah akulipe nikaondoka. Akikwambia haitoshi we tabasamu tu, usibishane ndani ya pale, na usirudi umenuna ukasema Masufi matapeli, mana anaeomba kwenye mlango wa mtu sio mwenye nyumba.

Alafu kuna hili la mlango wenyewe. Nilivyokuja uko na mamdogo wako kwenye matibabu tulienda sote wawili, na pale kwenye chumba cha kaburi pameandikwa wanawake hawaingii. Tukaishia nje kwenye ule ukuta wa matundu, tumekaa chini na wanawake wengine, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye mume hajulikani alipo, mmoja bibi wa Kihindu kabisa na tone lake jekundu kwenye paji, tunachungulia shuka la kijani kwa kupitia tundu. Sitakuficha, liliniuma. Kwa Muinuddin Chishti kule Ajmer, ambae ndo mkubwa wa tarika yote India, wanawake wanaingia. Haji Ali pale Mumbai walizuia wanawake, watu wakaenda mahakamani wakashinda 2016. Na hapa Nizamuddin nako wanafunzi wa sheria wakapeleka kesi Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2018. Mi sina elimu ya kumfundisha mtu, ila mtu aliyelelewa na mama peke yake, mama ndo aliyemfundisha ugeni wa Mungu, alafu mama za watu wanakaa nje ya ukuta wake, hapo mtu anieleze taratibu.

Lakini nakwambia pia hivi, sisi wa nje tulikaa na wa ndani walipita. Mule ndani wanaume wanasukumwa, zunguka, mwaga maua, toka, dakika mbili umeshatolewa mlango wa pili. Sisi tulikaa mpaka magharibi ikaingia tukaswali upande wa wanawake tukarudi kukaa, mamdogo wako aliyekua haongei tangu majibu ya daktari yatoke akaanza kupiga stori kwa ishara na yule bibi, lugha hawana hata moja wanayoelewana. Kwaiyo wewe ingia, toa salamu, na yangu ifikishe, alafu toka ukakae. Usikimbie.

Mana baada ya hapo ndo wanaanza qawwali, zile nyimbo za Masufi, waimbaji wanakaa chini uani wanaangalia kaburi, kinanda, ngoma ya dholak, na makofi. Lugha hutaielewa na haina shida. Watu wanaweka noti mbele yao, weka na wewe ndogondogo. Ukitaka kurekodi rekodi kidogo uweke simu chini, usikae umeinyanyua mkono juu saa nzima unawaziba walioko nyuma. Na kama moyo wako unakataa muziki mbele ya kaburi, kaa upande wa msikiti ule wa mawe mekundu, ni wa zamani sana, wa enzi za Wakhalji, masultani wa Delhi wa zamani, soma juzuu yako. Hakuna atakaekuuliza.

Yule mwenzako wa darasani asiye Muislamu anaetaka kuja nae, mwache aje, hawamzuii mtu pale, mwambie tu afunike kichwa.

Na siku nyingine, sio lazima siku hiyohiyo, nenda Adhchini, iko kusini ukiwa unaelekea ule mnara wa Qutub Minar. Pale ndo amelala Bibi Zulekha mwenyewe. Yeye mwanawe alikua anakwenda kumzuru na shida zake alikua anaziombea dua palepale. Mi niliikosa, tulikua tunarudi hospitali. Nisomee Fatiha kwake kwa jina langu na la mamdogo wako, alafu uniambie pakoje, ila unipigie usiniandikie, nataka kusikia.

Na kama Ijumaa asubuhi una ule mtihani uliosema, usiende Alhamisi hii. Nenda ya wiki ijayo.

Mamako