Asanteni nyote mliotushika mkono na operesheni ya binti yetu

Majirani, ndugu na marafiki, hamjambo. Naandika hii usiku hapa nyumbani Kayole, yeye amelala, na ni mara ya kwanza tangu Februari analala bila kujifunga leso kichwani akikaza hadi macho yanavimba. Kwa niaba ya familia nasema asanteni. Nimeanza kuandika mara tatu nikafuta juu nikitaja mtu mmoja nakumbuka wengine kumi, kwa hivyo nikikusahau usinune, nitakutafuta.

Wacha nianze na fundi wa nguo. Januari nilimpelekea sketi ya shule juu ilikuwa inaning'inia upande mmoja, akapima, akapima tena, akaniambia mama, sketi haina shida, ni mtoto amekaa upande, bega la kushoto limeshuka. Mimi nikasema ni begi, si mnajua vitabu vya siku hizi. Huyo mama hakuninyamazia. Kila nikipita, umempeleka hospitali? Nilifika mahali nikaanza kupitia ile njia ingine ya nyuma. Leo nakwambia mbele ya watu wote, asante, na unisamehe kwa kukukwepa.

Halafu ikaja ile siku ya chapo. Wateja wangu wa chapati za asubuhi mnajua mtoto hunisaidia Jumamosi. Alikuwa anageuza huku ananipigia hadithi za shule, mimi naskia harufu ya kitu kinaungua na sio unga, kuangalia hivi vidole viwili vimetulia kwa ukingo wa kikaango na yeye anaongea tu. Hakuruka, hakulia. Nimemvuta malengelenge tayari yametoka ananiuliza, "Kwani ni nini, mum?" Na mimi nilikuwa namsifu kwa watu eti ana mikono ya kazi kama shosh yake, anashika sufuria bila kitambaa. Kumbe mikono haikuwa inaskia moto.

Tulizunguka sana. Mahali pamoja walisema taifodi, pengine vidonda vya tumbo, pengine nikaambiwa ni umri, hataki tu shule. Kichwa kilikuwa kinamuuma kisogoni akikohoa, akipiga chafya, hata akicheka, na hiyo ya kucheka ndiyo ilifanya watu waone ni maigizo. Hadi siku moja tukapata daktari kijana, akajaza glavu moja maji moto na ingine maji baridi, akamwambia funga macho uniambie gani ni gani. Hakujua. Lakini akiguswa na pamba anajua mara moja. Daktari akaacha kuandika, akaniangalia, akasema huyu anahitaji MRI, ile picha ya mashine ya kuona ndani ya kichwa na mgongo, na isikae sana. Sijui kama atasoma hii lakini tunakuombea kila jioni.

Wengi mlituma pesa na hamkujua hata anaugua nini, na mna haki ya kujua. Inaitwa Chiari. Venye tulielezwa, sehemu ya chini ya ubongo imeshuka ikaingia kwa lile shimo la kisogoni ambapo uti wa mgongo unapitia, sasa yale maji yanayozunguka ubongo yanakosa njia yanaanza kujikusanya ndani ya uti wenyewe, na hiyo ya pili inaitwa siringomielia. Sisi wa huku tunajua mtaro ukiziba maji yanaingia kwa nyumba, ni hivyo tu. Hayo maji ndiyo yalikuwa yanafinya neva za moto na baridi, na tukaambiwa hata huo mgongo kupinda unatokana na hapo. Kijana wangu akaingia kwa simu akaniambia ni jina la daktari wa zamani, Hans Chiari, aliandika mambo yake 1891. Nikamuuliza, 1891, na huku kote tumezunguka hakuna mtu ameitaja?

Bei ya operesheni ilipotajwa baba yake alitoka nje akakaa kwa ngazi. Sikumfuata.

Hapo ndipo mliingia nyinyi. Mama wa chama mlifungua grupu ya WhatsApp usiku huo huo kabla hata sijakubali. Vijana wa steji ya boda mlileta sarafu na noti za mia kwa mfuko wa unga, mfuko mzima, mkaniambia nisihesabu mbele yenu. Kuna mtu alikuwa anatuma shilingi 50 kila Ijumaa, kila Ijumaa, jina limetoka kwa mesej lakini sikujui, tafadhali jitokeze nikupikie. Walimu na wanafunzi wenzake wa Gredi 8, wazee wa nyumba kumi, kanisa, na ndugu zetu Waislamu wa ile ploti ya pili mliochanga baada ya futari. Shangazi yake mweka hazina hajalala wiki mbili, juu laini ya M-Pesa ikifika 500,000 haipokei tena na yeye hakujua, watu wakaanza kupiga simu usiku eti pesa inarudi, ikabidi anahamisha kwa benki akiwa na kanga.

Siku yenyewe ya operesheni mtoto aliingia saa mbili asubuhi. Walitoa kipande cha mfupa hapa kisogoni na nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo ili pale papanuke, wakaweka kiraka kwa ile ngozi inayofunika ubongo. Saa saba na nusu muuguzi akatoka akasema ameuliza kama nywele zimenyolewa zote. Nikajua ni yeye.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimerudi. Daktari alisema lengo la kwanza ni kuzuia isiendelee, na vidole vya mkono wa kushoto bado vina ganzi, pengine vitabaki hivyo. Mgongo unaangaliwa, na atarudi MRI baada ya miezi kadhaa kuona kama yale maji yamepungua. Kwa jiko langu hakaribii, hiyo ni amri. Lakini Jumapili mjomba wake alikuja na zile hadithi zake za matatu, na nyumba hii tulikuwa tumepiga marufuku vichekesho tangu Machi, mtoto akacheka, akacheka vizuri ile ya kushika tumbo. Sisi wote tukanyamaza tukingoja ashike kichwa. Akatuangalia mmoja mmoja, "Mbona mnaniangalia hivyo?" Baba yake akaenda kuosha uso.

Sasa hesabu, juu pesa ya watu lazima isemwe. Bili yote ilikuwa 1,214,600. Bima ililipa 340,000. Nyinyi mlichanga 812,350. Ilibaki 62,250, chama wamenikopesha na naendelea kulipa pole pole. Risiti zote ziko na shangazi, mwenye anataka kuona aje aone, hatutakasirika.

Na kuna jambo limetuuma kidogo. Mtu amechukua picha yake akiwa wadi, ameweka namba ingine na bado anachangisha. Sio sisi. Mchango wetu ulifungwa siku alipotoka hospitali, ukiona picha hiyo usitume kitu, uturushie tu tujue.

Mwisho ni yule kuku wa harambee. Alipigwa mnada mara tano, kila mwenye alimnunua akamrudisha auzwe tena, kuku wa 900 akaingiza 7,400, na sasa hatujui ni wa nani. Yuko hapa kwa ploti, ameanza kutaga, na mtoto ameshampa jina kwa hivyo sidhani kuna mtu atamchinja. Mwenye alimnunua mwisho aje tuongee, nitampa mayai. Chapo nimerudi kupika kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, pale pale.