Somoe, desa liache bwenini

Magomeni, Mtwara
14 Septemba

Kwako shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi sana. Sisi wa huku wazima. Bibi kifua kinambana usiku ila chakula anakula, na baba yuko shambani Nanguruwe, anafyeka chini ya mikorosho ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Barua yako mama yako aliniletea mwenyewe hadi nyumbani, umeikunja mpaka imekuwa kama hirizi. Nilicheka sana na habari zako za prepo, kule kujisomea kwenu usiku, na taa kukatika, halafu nikafika kwenye Kiingereza nikaacha kucheka.

Kwanza tulia. 27 ya moko, huu mtihani wa majaribio kabla ya ule wa kidato cha nne, ni F, sawa, lakini D inaanzia 30. Hizo tatu unaziokota kwenye maswali ya kuchagua peke yake, ukisoma swali lote kabla ya kuandika herufi. Ila najua wewe D haikutoshi. Unataka uuguzi, kemia na baiolojia unazimudu, na huko chuoni vitabu vyote ni Kiingereza. Mimi nataka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza kidato cha tano, na bila C, yaani 45, hakuna cha HKL. Kwa hiyo tuongee kama watu wanaoitafuta 45 kwenda juu. Wanaokimbia F tu watafute mtu mwingine wa kuwaandikia.

Kilichonikera, na nakwambia kwa sababu wewe ni mtu wangu, ni pale ulipoandika kwa furaha kwamba umeshakariri insha za vitabu kutoka kwenye desa, hilo kabrasha la majibu ya tayari linalozunguka bwenini, "mpaka nukta na mkato". Somoe jamani! Desa hilo hata huku lipo. Ni kopi ya kopi, ukurasa wa katikati umefifia, na jina la mhusika mmoja limekosewa tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo kila aliyelikariri atakosea vilevile. Sasa fikiria msahihishaji anafungua kijitabu chako, anakuta aya ileile aliyoikuta kwa wengine, na kosa lilelile. Atakupa nini?

Madamu wetu wa Kiingereza ana dawa ya hayo. Baraza la Mitihani kila mwaka hutoa ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na ndani yake wanaweka picha za majibu yenyewe, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, zuri moja na baya moja. Hakuna jina wala shule, mwandiko tu. Madamu alizichapisha hizo kurasa za Kiingereza pale duka la steshenari kwa pesa yake, akazibandika ubaoni, tukawa tunasimama mbele kama tunaangalia matokeo. Nakwambia nimejifunza pale kuliko kwenye daftari langu lote. Kuna mtu aliulizwa insha akanakili sentensi za maswali ya mwanzo ya pepa hilohilo, akazipanga vizuri, akaweka nukta. Kuna aliyejibu kwa Kiswahili kitupu, tena Kiswahili kizuri. Na kuna aliyeandika insha ndefu, Kiingereza safi kabisa, lakini ya swali lingine. Darasa lilicheka wale wawili wa kwanza. Huyu wa tatu hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alijua huyo alikuwa na desa.

Swali linabadilika, ndiyo ninachokwambia. Desa lina "dhamira za kitabu" basi. Pepa linaweza kukuuliza nafasi ya mwanamke, au mgongano wa wazee na vijana, au kama elimu inamkomboa mtu, na linataka utumie vitabu viwili kutoka kwenye orodha iliyochapwa palepale. Ukiwa umekisoma kitabu, unageuka na swali. Ukiwa umekariri, unabaki umesimama.

Chukua Three Suitors: One Husband ya yule Mkameruni, Oyono-Mbia. Hebu kiache Kiingereza kidogo, nisimulie kama unamsimulia mama. Juliette anarudi likizo kutoka sekondari, anakuta baba yake, Atangana, ameshapokea faranga 100,000 za Ndi, mkulima. Anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, anaweka 200,000, na ukoo mzima unahama upande. Binti hajaulizwa. Yeye ana Oko wake, mwanafunzi asiye na kitu. Anafanya nini? Anaziiba zile 300,000 anampa Oko aje amtolee mahari. Wewe na mimi tulicheka kitabu hiki tukiwa kidato cha tatu kwa sababu tunawajua akina Atangana, wamejaa mtaani kwetu, na msimu wa korosho ukianza tu utawaona wanavyohesabu. Sasa mweke Juliette kando ya Remi wa The Black Hermit, ile tamthilia ya Ngugi. Baba yake yuko kitandani anakufa, anamwambia amwoe Thoni, mjane wa kaka yake. Remi anakubali, halafu anatorokea mjini. Wote wawili wasomi, wote wamepangiwa ndoa na wazee. Mmoja anapigana palepale nyumbani kwa ujanja, mwingine anakimbia, na Thoni ndiye anayelipa. Hapo tayari una insha, Somoe, na hukuhitaji desa la mtu.

Utaniambia, "Hayo nayajua kwa Kiswahili, Kiingereza chake ndiyo sina." Nakubali nusu. Kwenye fasihi ya Kiswahili wewe unajaza kurasa hujapumua, wahusika, ujumbe, mandhari, migogoro, yote. Kazi ni ileile. Kinachokuua ni kwamba ukifika kwenye Kiingereza unataka sentensi ndefu za kwenye desa, zile zenye "which" tatu. Acha. Andika sentensi fupi. "Juliette is a schoolgirl. Her father takes money from Ndi. He does not ask her." Ni Kiingereza cha darasa la tano cha wenyewe, sawa, lakini hakina kosa, na msahihishaji anakuelewa. Madamu anasema anayeandika sentensi fupi sahihi anamzidi anayeandika ndefu iliyovunjika, na mimi kwa niliyoyaona kwenye zile picha ubaoni namwamini. Halafu ukielezea kitabu baki kwenye wakati uliopo mwanzo hadi mwisho. Usianze na "takes" ukamalizia na "took". Hilo peke yake litakupandisha.

Kwenye sarufi sina mengi. Fanya pasti pepa, mwaka mmoja baada ya mwingine, na usiangalie majibu kabla. Utaona wanapenda vitu vilevile. "No sooner" lazima ifuatwe na "than", watu wengi wanaweka "when". Maneno ya mtu mwingine ukiyaripoti, "tomorrow" inakuwa "the following day". Na maelekezo! Wakisema anza na neno fulani, anza nalo. Wengine wanaandika sentensi nzuri yao wenyewe wanakosa alama yote.

Sasa nikupe moja ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine, nimeligundua mwenyewe. Mwaka huu salfa ya kupulizia mikorosho ilichelewa kijijini. Baba na wenzake walisubiri mpaka ukungu ukaingia kwenye maua, na chama chao cha msingi cha ushirika hakikuwaambia lolote la maana. Baba akaniita, "Wewe msomi, niandikie barua kwa katibu." Nikasema vizuri, nikaandika kwanza ya Kiingereza, kwa mazoezi. Anwani yetu juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya katibu kushoto, "Dear Sir", kichwa cha habari kwa herufi kubwa na mstari chini, aya ya kwanza kwa nini naandika, ya pili mambo yalivyokuwa, ya tatu tunaomba nini, "Yours faithfully", sahihi, jina. Kwa mara ya kwanza sikutafuta la kuandika. Zile barua za darasani za kuomba kazi kwa meneja wa kampuni sijui gani huwa zinanitoa jasho kwa sababu kampuni yenyewe siijui. Hii nilikuwa na hasira kwelikweli, na maneno yakaja. Nilimpelekea Madamu. Nilikuwa nimeandika "we have waited since two weeks", akakata "since" kwa kalamu nyekundu, akaweka "for", pembeni akaandika kwamba "since" inataka siku yenyewe, kama "since Monday". Sitaisahau tena maisha yangu. Baba alichukua ile ya Kiswahili akaenda nayo. Hajajibiwa mpaka leo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo jaribu na wewe. Mwandikie mkuu wa shule kuhusu taa za prepo. Usiipeleke, maana nakujua! Iandike tu. Mazungumzo nayo hivyohivyo, andika mama yako akipatana bei ya dagaa sokoni, kwa Kiingereza. Hotuba, andika ya mahafali. Mambo unayoyajua hayakupi kazi mbili kwa mkupuo. (Matroni, kama unaisoma barua hii, shikamoo. Kama unavyoona, humu hakuna mambo ya wavulana.)

Eti kuna wenzetu wa darasani Jumamosi wanapanda daladala kwenda Mikindani kutafuta watalii wa kuongea nao Kiingereza. Wamenialika nikakataa. Sisemi ni vibaya, wanafurahi, wanapiga picha pale kwenye majengo ya zamani. Lakini pepa letu halina mahali pa kuongea. Ni kalamu na saa ya ukutani. Bora hayo masaa niende maktaba ya mkoa, kuna utulivu na kuna kamusi.

Huku tunaingia kambi ya kujisomea mwishoni mwa mwezi huu, wazazi wanachangia unga na maharage. Kuna waliotoa na kuna wasiotoa bado, unajua kabla ya mnada wa korosho mifuko ilivyo. Madamu amesema hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya kilo za unga, tutaona. Shida yangu mimi ni Novemba. Mtihani na korosho vinakuja pamoja, kama kila mwaka. Mama ameshaanza kuhesabu mikono ya kuokota, na mkono wangu ameuhesabu. Nimemwambia nitaokota Desemba zile za mwisho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akaendelea kuchambua mchicha. Baba yuko upande wangu, tangu ile barua ananiona mtu mkubwa.

Nyinyi wa bweni hapo mmetuzidi, hakuna anayewaita shambani. Tumia nafasi hiyo. Mna prepo, mna wenzenu. Tafuteni watu watatu au wanne, msizidi, maana wakizidi inakuwa hadithi. Kila mmoja aandike insha yake, mbadilishane, mwenzako aisahihishe kwa penseli. Sisi tunafanya hivyo chini ya mwembe wa jirani yetu, na nimegundua kosa la mwenzangu naliona haraka kuliko langu.

Sasa kazi yako. Mama yako anakuja kwenu tena siku ya kutembelea, nimeshaongea naye. Nataka akirudi aje na insha yako ya Juliette na Remi, umeiandika bila desa, kwa wino wa bluu au mweusi kama siku yenyewe, swali liwe hili: wazee wana haki ya kuwachagulia watoto wao wachumba? Wewe useme wana haki, mimi nitasema hawana. Yangu nimeiambatanisha humu, isahihishe, usinionee huruma. Najua kuna mahali nimechanganya wakati, sikuambii wapi.

Mfuko mweupe ni wako, ni ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, bibi ameichemsha asubuhi hii, kuleni siku hiyohiyo isiharibike. Ule mdogo una korosho na chumvi, hizo zinakaa.

Wasalimie akina Mwanahawa na wote wanaonikumbuka.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura

N.B. Kama mna pasti pepa za miaka ya nyuma ambazo sisi hatuna, mpe mama yako hata kwa mkopo. Nitazitoa kopi na kuzirudisha bila kukunja hata kona.