"Haina kolesteroli" si sifa ya mafuta

Mhariri,

Mnunuzi pale Marikiti akikuta chupa ya mafuta imeandikwa "haina kolesteroli", huona amepata kitu cha afya. Maneno hayo ni kweli, lakini ni sawa na kumsifu samaki kwamba hana manyoya. Kolesteroli ni kitu cha wanyama. Mafuta ya alizeti, mahindi, mawese au nazi hayana kiasi cha maana.

La kutazama ni asidi za mafuta. Katika mafuta ya kupikia kila molekuli ya gliseroli, kiunzi kidogo cha kaboni, hushika mikia mitatu ya asidi hizo. Mkia uliojaa hidrojeni, yaani ulioshiba, umenyooka, hivyo hubanana na wenzake na mafuta huganda kwa urahisi. Mkia usioshiba umepinda, haubananiki. Geuza chupa usome nyuma: katika kila gramu 100, alizeti ina gramu 11 hivi za mafuta yaliyoshiba, mawese karibu nusu, nazi zaidi ya 80. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana yaliyo majimaji hapa Mombasa hufika Limuru, kwenye baridi ya nyanda za juu, yameganda. Mawese nayo mara nyingi huuzwa kwa jina la "mafuta ya mboga" tu.

Na hiyo kolesteroli inayotukanwa, seli zetu haziishi bila yake. Toa mkia mmoja kwenye molekuli ya mafuta, weka fosfati mahali pake, upate fosfolipidi: kichwa kinapenda maji, mikia miwili inayakimbia. Zikiwa majini hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana, na huo ndio utando wa seli, unene wake nanomita 5 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mwaka 1925 wanasayansi Gorter na Grendel, huko Uholanzi, walikamua lipidi (vitu vya jamii ya mafuta) za chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakapata eneo kama mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Wazo la safu mbili lilitoka hapo. Kolesteroli hujipenyeza katikati ya mikia: kwenye joto huzuia utando usilegee, kwenye baridi usigande. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, kisha hupata kwayo nyongo, vitamini D na homoni kama kortisoli na testosteroni.

Madhara huja pale inaposafirishwa kwa wingi kwenye damu ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta na protini viitwavyo LDL, ikajikusanya kwenye kuta za mishipa. Kwa watu wengi kinachoipandisha zaidi ni mafuta yaliyoshiba, kuliko kolesteroli ya yai. Kwa hiyo mtu anaweza kununua chupa "isiyo na kolesteroli" na bado akapandisha kolesteroli ya damu yake.

Tunaomba watengenezaji waandike mbele ya chupa, kwa herufi kubwa, gramu za mafuta yaliyoshiba. Na kalori pia: kijiko kikubwa kina takriban 120, yawe ya nazi au ya alizeti.

Walimu wa biolojia,
Mombasa